Listi Ni Jambo la Amani

Mazungumzo ya redio kwa jamaa zilizokimbia vita, kwa jamaa zinazowapokea, na kwa viongozi wa avenyu, wa kartie na wa kambi. Goma, Kivu ya Kaskazini.

Nawasalimu ninyi mnaolala chini ya bashi, ninyi mliolala jana katika darasa la shule, na ninyi mliowapa wageni chumba kimoja kati ya vyumba viwili mlivyo navyo. Nawasalimu pia viongozi wetu: chefu wa kartie, chefu wa avenyu, nyumba kumi, prezida wa kambi, na wale mama na vijana wa RECO wanaozunguka mlango kwa mlango kwa habari za afya bila mshahara wa maana.

Nimeombwa niseme juu ya amani. Mimi si mwanasiasa wala mhubiri. Nilianza kazi ya uuguzi hapa Goma mwaka 1986, na sasa nimepumzika. Kwa hiyo nitasema kama mtu aliyekaa miaka mingi nyuma ya meza yenye daftari, akiuliza: Jina? Umri? Unatoka wapi? Unalipa au hulipi? Maswali hayo manne, ndugu zangu, yameleta ugomvi mbele ya macho yangu kuliko hotuba za wakubwa wote. Ndiyo sababu leo nataka tuzungumze juu ya listi.

Utasema: huyu mzee, vita inaua watu, naye anatuletea habari za karatasi! Subiri kidogo, baba.

Katika nchi yetu ugomvi wa listi ni wa zamani. Mwaka 1972 sheria moja ilisema kwamba watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu kabla ya Januari 1950 ni Wazaire. Mwaka 1981 sheria nyingine ikaifuta ile, ikataka ukoo wa mtu uwe ulikuwa hapa tangu 1885. Fikiri jambo hilo. Mtu alilala akiwa mwananchi, akaamka mgeni, na hakuhama hata hatua moja kutoka shambani kwake. Na jirani yake, ambaye naye alikuwa na malalamiko ya kweli juu ya mashamba na juu ya uchifu, akaambiwa kwamba dawa ya malalamiko yake ni kumfuta mwenzake katika listi. Vyama vingi vilipokubaliwa mwaka 1990, wakubwa wakaanza kuhesabu: hawa wakiandikwa, nitashindwa, wasipoandikwa, nitashinda. Mwezi wa Machi 1993 damu ikamwagika Ntoto, katika Walikale, kisha ikaenea Masisi. Sisemi kwamba karatasi ndiyo iliyoua. Watu waliua watu. Lakini karatasi ilitangulia. Sheria ya Novemba 2004 imejaribu kulitengeneza jambo hilo, na hata hivyo utasikia watu wakibishana juu yake penye kasiksi, jioni, kila mtu akiwa wakili.

Mfano wa karibu zaidi ni huu. Tarehe 20 Desemba 2023 nchi ilifanya uchaguzi. Teritwari za Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kwa sababu ya vita. Basi watu wengi waliotoka huko, waliokuwa hapa Goma chini ya bashi, walikuwa kwenye listi ya maharagwe lakini hawakuwa kwenye listi ya wapiga kura. Wanahesabiwa midomo, hawahesabiwi sauti. Kiongozi anayeshangaa kwamba watu hao ni wakali akumbuke jambo hilo kwanza.

(Mziki mfupi.)

Sasa nije kwenye mwaka 1994. Vijana wamesikia, wazee wameona. Katika siku chache za katikati ya Julai, watu zaidi ya 800,000 walivuka mpaka kutoka Rwanda wakaingia Goma na barabara zake. Walikuwamo mama na watoto wasiojua lolote, na walikuwamo pia wale waliofanya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, pamoja na jeshi lao na silaha zao. Mnajua mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano. Mto hatuna, maana maji ya mvua yanazama ndani ya mawe. Kuchimba choo ni kazi ya nyundo na chuma, siku nyingi kwa shimo moja. Watu wakanywa maji ya ziwa, na ufukoni mwa ziwa hilohilo wakajisaidia. Kolera ikaingia, na baada yake kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza peke yake walikufa karibu 50,000. Hata kuzika kulishindikana kwa sababu ya mawe. Wale waliokuwa Goma siku hizo hawahitaji nieleze harufu ya barabara.

Hayo yanajulikana dunia nzima. Lisilosemwa sana ni jambo la listi. Misaada ilipofika Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga, wagawaji walikuwa wachache na watu walikuwa bahari. Wakafanya lililo jepesi: wakawapa chakula viongozi wa zamani, wale waliokuwa wakubwa wa komini kule walikotoka, ili wao wawagawie watu wao. Viongozi hao wakaandika listi zao wenyewe. Wakaongeza majina. Chakula cha majina ya hewa kikauzwa, kikalisha wenye silaha, na mama aliyethubutu kusema kwamba anataka kurudi kwao alijua ya kwamba jina lake linaweza kupotea kesho. Tawi la Ufaransa la Médecins Sans Frontières liliondoka katika makambi hayo Novemba 1994, likisema haliwezi kuendelea kuwanenepesha wauaji. Na mwanzoni mwa 1995 watu walipohesabiwa mmoja mmoja, idadi ilikuwa pungufu kuliko ile iliyokuwa ikitumiwa kugawa chakula.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema kwamba siasa ni jambo la Kinshasa, nacheka kidogo. Siasa ya makambi ya 1994 ilikuwa kalamu na daftari mkononi mwa mtu mmoja ambaye hakuna aliyeweza kumwuliza. Vita iliyoingia Oktoba 1996, na Goma ikaanguka tarehe 1 Novemba, ilikuwa na sababu nyingi. Mojawapo ilikuwa makambi hayo yaliyogeuka kuwa kambi za jeshi, zikilishwa kwa listi za uongo.

Na wakati huohuo, ndugu wasikilizaji, watu wetu waliokimbia Masisi na Walikale tangu 1993 walikuwa wapi? Walikuwa hapahapa, kwa shangazi zao, kwa wenzao wa kanisa, katika vibanda. Hawakuvuka mpaka. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 unamhesabu mtu aliyetoka nje ya nchi yake, na wao walikuwa wamekimbia ndani ya nchi. Magari meupe yalipita mbele yao yakienda Mugunga. Nakumbuka mama mmoja kutoka Masisi aliyeniuliza kama akivuka Gisenyi halafu akarudi usiku, ataandikwa. Aliuliza kwa mzaha. Lakini hakucheka.

Sheria imebadilika tangu siku hizo. Mkataba wa Kampala, ambao Umoja wa Afrika uliupitisha mwaka 2009, unamhusu mtu aliyekimbia ndani ya nchi yake. Na nawaomba viongozi wa avenyu wasikilize sehemu hii: mkataba huo unasema serikali ipime mahitaji ya waliokimbia na pia ya jamii zinazowapokea. Wote wawili. Si wageni peke yao, wala si wenyeji peke yao. Wengi hawajui kwamba jambo hili limeandikwa.

Sasa tuingie nyumbani, kwenye maji na dawa, maana hapo ndipo watu wanaoneana wivu.

Baada ya 1994 mashirika ya misaada yalikaa chini, yakaanza mwaka 1997 kuandika vipimo, ili kisirudiwe kilichotokea Goma. Kipimo kimoja kinasema mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, na robine moja isizidi watu 250. Piga hesabu. Nyumba ya watu 6 inahitaji lita 90, yaani bidoni nne na nusu za lita 20. Ukipokea jamaa nyingine ya watu 6, ni bidoni tisa. Nani anazibeba? Binti. Anaamka saa kumi ya usiku, anapanga bidoni kwenye foleni, na saa mbili asubuhi mwalimu anamwuliza kwa nini amechelewa. Ikiwa robine ya kambi inatoa maji bure na robine ya kartie inalipisha, na kati yao kuna ukuta wa mawe tu, hapo mtoto wa mwenyeji atarusha jiwe siku moja. Nimefunga vidonda vya vichwa vya namna hiyo. Mwisho wa 2022 kolera ilipoingia Kanyaruchinya, haikuuliza nani ni wa kambi na nani ni wa kijiji.

Juu ya dawa, lazima niseme kwanza kwa nini mgonjwa wa Kongo analipa. Katika miaka ya 1980 nchi yetu iligawanywa katika zoni za afya, na wageni walikuja kutazama mpango huo kama mfano mzuri. Kisha serikali ikaacha kulipa. Mishahara ikawa haifiki, au inafika ikiwa imekufa. Wazee wanakumbuka noti ya milioni 5 ya Zaire, ile ambayo wafanyabiashara waliikataa mwanzoni mwa 1993 na wanajeshi waliolipwa nayo wakapora. Na Oktoba mwaka huohuo milioni 3 za Zaire ya zamani zikawa Zaire mpya moja. Muuguzi asiye na mshahara anaishi kwa franga ya mgonjwa. Kituo cha afya kinanunua makaratasi, mafuta ya taa na sabuni kwa franga ya mgonjwa. Ndiyo maana mama akizaa na hana malipo, anaweza kuzuiliwa hospitalini na mtoto wake mpaka ndugu walete dola. Jambo hilo ni baya, nami sikulipenda hata siku moja, lakini mjue linatoka wapi. Hasira yote haistahili kumwangukia muuguzi wa zamu.

Basi katika mpango wa namna hiyo, wanakuja watu waliokimbia vita, na shirika linasema: hawa watatibiwa bure, tutalipa sisi. Ni jambo jema. Pasipo hilo wengi wangekufa. Lakini mgonjwa wa pili kwenye benchi hana jetoni.

Niwape habari moja ya mwaka 2023, bila majina. Mjane mmoja, mwuza sambaza, alipokea katika nyumba yake ya mbao jamaa kutoka Rutshuru, mama mmoja na watoto wanne. Hawakuwa ndugu. Walikutana barabarani, mvua ikinyesha. Walikaa pamoja miezi. Siku moja mjane alileta mtoto wake wa miaka minne akiwa na malaria kali, anatetemeka, macho yamegeuka. Akatoa jetoni. Nikatazama daftari. Mwenye jetoni ile alikuwa mtoto mdogo zaidi, nilikuwa nimempima juma lililopita. Nikamwuliza: Mama, huyu ndiye yule? Akatazama chini. Kumbe mama wa Rutshuru alikuwa amesimama mlangoni. Akaingia, akasema: «Muganga, ni mimi niliyempa. Nalala kwake, nakula kwake, maji yake ndiyo ninayooga. Nimnyime karatasi?»

Ningejibu nini? Mtoto tulimtibu, kwa jina lake mwenyewe. Na nikawaeleza hatari, maana ni hatari ya kweli: dawa hupimwa kwa uzito na umri, na mtoto wa jetoni akija kesho na malaria, daftari litasema amekwisha kutibiwa. Lakini mjue, sikuona mwizi pale. Niliona mama wawili ambao listi iliwafundisha kusema uongo, wakati upendo wao ulikuwa wa kweli. Listi inayowatenga watu wanaokula sahani moja itadanganywa tu.

Jambo hilo tulilipeleka kwenye CODESA, ile kamati ya wananchi inayosimamia kituo cha afya pamoja na wauguzi. Kila eneo la afya linapaswa kuwa nayo, na kama yenu imelala, iamsheni. Kamati ikaandika barua kwa waliokuwa wakilipia matibabu: watoto wa nyumba zinazopokea wageni watibiwe kama watoto wa wageni. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, nalo lilikuwa nusu. Watoto chini ya miaka mitano, ndiyo. Mama zao, hapana. Tulipokea nusu hiyo. Malalamiko kwenye benchi yalipungua, sitasema yalikwisha.

(Mziki mfupi.)

Sasa habari za sokoni. Kuna watu wanaowasema vibaya wakimbizi: angalia, wamepewa unga na mafuta, wanauza! Bashi inauzwa Birere! Jamani. Unga bila chumvi, bila makala ya kupikia, bila sabuni, ni chakula? Mahindi mazima yanahitaji kinu, na kinu hakikubali maharagwe kama malipo. Mtoto anafukuzwa shuleni kwa daftari na kalamu. Mama anauza kopo mbili za mafuta ili anunue yale ambayo mgawaji hakufikiria. Huyo simwiti mwizi, huyo anaendesha uchumi wa nyumba. Mwizi ni yule aliye na jetoni kumi za watu wasiokuwako, anayezipangisha kama vyumba. Na anajulikana! Kartie nzima inamjua. Wanakaa kimya kwa sababu ni mkwe wa fulani, au kwa sababu kesho naye ndiye atakayeandika.

Hapo ndipo nawaomba viongozi wajifunze kwa mama zetu wa likelemba. Wanaume tunacheka vikundi vya wanawake, tunasema ni maneno mengi. Lakini tazama. Mama 12 wenye kuuza lengalenga, makala na ndizi wanatoa kila juma kiasi kilekile, na kila juma mmoja anabeba zote. Hakuna wakili, hakuna polisi. Wametoka makabila yote. Mbona hawapigani? Kwa sababu zamu inasemwa mbele ya wote. Kila mmoja anajua nani amekwisha kubeba na nani atabeba kesho. Mwenye msiba anaombewa nafasi mbele ya wote, na wote wanakubali au wanakataa wakiwa wamekaa pamoja. Na wale wa AVEC, vikundi vya kuweka akiba, wana sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa mama watatu wanaokaa nyumba mbalimbali. Sanduku halifunguki mpaka wote watatu wawepo. Mwaka 2025, benki za Goma zilipofungwa na noti zikachakaa mpaka wachuuzi wakazikataa, mkopo mdogo wa kikundi ndio uliowasha moto wa jikoni katika nyumba nyingi.

Kwa nini basi listi ya chakula ya watu 3,000 iwe na ufunguo mmoja, na ufunguo huo uwe mfukoni mwa prezida wa kambi?

Nasema waziwazi: listi ya avenyu ishikwe na watu watatu. Mmoja awe mwanamke aliyekimbia, aliyechaguliwa na wenzake wala si mke wa kiongozi. Mmoja awe mwenyeji anayepokea wageni. Wa tatu awe chefu wa avenyu au nyumba kumi. Karatasi iwe na nakala tatu. Wageni na wenyeji wao waandikwe kwa mstari mmoja, nyumba kwa nyumba: nyumba hii ina wenyeji 6 na wageni 5, jumla 11. Anayekuja na msaada akiona mstari huo, atauliza mwenyewe kwa nini anawahesabu 5 tu. Na safu ya kabila isiwepo. Nimeona fomu zenye safu hiyo, na sijaona siku ambayo ilisaidia kumpa mtu dawa au chakula.

Nilipolisema hili katika mkutano mmoja wa kartie, baba mmoja alisimama nyuma akanijibu neno ambalo sikulitegemea. Akasema: «Mzee, unataka listi isomwe mbele ya wote. Mimi nilikimbia watu wenye silaha wanaonitafuta kwa jina. Ukilisoma, umewaonyesha mlango ninaolala.» Watu wakanyamaza. Alikuwa na haki. Goma si mji ambamo kila sikio ni la jirani mwema. Mji huu umebadilisha mikono mara nyingi: 1996, 1998, siku kumi na moja za mwisho wa 2012, na tena Januari 2025 M23 walipouingia. Kila mara, waliokuwa wameandikwa upande huu waliogopa karatasi zao. Februari 2025 makambi mengi yaliyozunguka mji yalipobomolewa, watu wakitakiwa kurudi vijijini, kuna waliotawanyika katika nyumba za mjini bila kutaka jina lao liandikwe popote. Nawaelewa.

Kwa hiyo tulibishana siku ile mpaka jua likaanza kuzama, na tulikubaliana hivi. Mbele ya wote isomwe namba ya nyumba na idadi ya watu, si majina na wala si kijiji walikotoka. Majina yabaki kwa wale watatu. Anayeogopa sana aruhusiwe kuandikwa kwa jina la mwenye nyumba anayempokea. Wengine walisema hiyo itafungua tena mlango wa majina ya hewa. Inawezekana. Lakini nyumba yenye wageni 5 kwenye karatasi na hakuna hata mmoja chini ya paa, majirani wataiona. Macho ya majirani ni makali kuliko mashine yoyote ya kuchukua alama za vidole. Mimi nachagua hatari hiyo ndogo kuliko kumtia mtu mikononi mwa adui zake. Ninyi katika avenyu yenu mnaweza kuchagua namna nyingine. Lakini chagueni mkiwa mmekaa pamoja, wenyeji na wageni, kabla gari la msaada halijafika. Likiisha kufika, hakuna atakayesikiliza mwenzake.

Neno la mwisho ni la muuguzi. Kuna mambo ambayo hayangoji listi, na asiyeandikwa asikae nyumbani kwa sababu hana jetoni.

La kwanza, kuhara kama maji ya mchele. Usingoje asubuhi, usingoje mume arudi. Mpe mgonjwa maji ya ORS; kama huna, chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, koroga. Anywe kidogo kidogo, hata akitapika aendelee, mkiwa njiani kwenda kituo cha afya. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

La pili, mama mjamzito anayetokwa na damu, au anayeumwa uchungu zaidi ya usiku mmoja. Mbebeni, hata kwa shukudu. Habari za malipo zitazungumzwa akiwa amekwisha kufika.

La tatu nalisema polepole, maana kuna watoto wanaosikiliza. Mama zetu na binti zetu wanaokwenda kutafuta kuni upande wa Virunga, au hata walio ndani ya kambi, wengine wanashambuliwa na kunajisiwa. Mama, dada, ikitokea hivyo, kosa si lako. Nenda kituo cha afya kabla ya saa 72 kwisha, yaani siku tatu, na kama unaweza, siku ileile. Kuna dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, ambazo baada ya siku tatu hazitolewi tena. Dawa za kuzuia mimba hufanya kazi mpaka siku ya tano, lakini mapema ni bora. Siku tatu zikipita, nenda hata hivyo, kuna matibabu mengine. Huna haja ya kupita kwanza kwa chefu, wala kwa polisi, wala kumwambia mtu jina la kijiji chako. Ninyi waume, mke akirudi na habari hiyo, msindikize. Nanyi wauguzi wenzangu mnaonisikia mkiwa zamu: mama huyo asiulizwe jetoni mlangoni, na jina lake lisiitwe kwa sauti kwenye benchi. Mpeni namba, ingie naye ndani, funga mlango.